Wawili Walishtakiwa, Mmoja Akaapa

Kesi ile niliiandika mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanifariji kwamba wino ulikuwa wa wazungu na baraza lilikuwa la wazee. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa karani wa baraza, kijana aliyeishia darasa la sita, kaptura yangu imepigwa pasi ya makaa, najiona mtu mkubwa kwelikweli kwa sababu wazee wenye mvi walilazimika kuningoja nimalize sentensi ndipo waendelee kusema. Miaka ya hamsini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kwetu ni Kiogoro, lakini baraza lilikuwa upande wa Nyamira, kwa hiyo juma zima nililala huko kwenye chumba cha makarani, na Jumapili nilikuwa napita Sironga kumwamkia dada yangu.

Siku hizi wajukuu wangu wakisikia redioni kwamba mchezaji mashuhuri ameshtakiwa, wanaanza kubishana. Huyu anasema atafungwa kama mtu mwingine yeyote, yule anasema wapi, huyo yuko nje kabla ya chakula cha mchana. Halafu wananigeukia mimi, eti babu alikuwa mtu wa mahakama. Miaka yote nimewaambia waniache, kichwa kinaniuma. Sasa nimechoka na hicho kichwa.

Tulikuwa na mrukaji. Alitoka sehemu za juu kuelekea Nyansiongo, mpakani na mashamba ya wazungu, na kazi yake ilikuwa kuruka juu. Ufito wa mwanzi uliwekwa juu ya vigingi viwili, naye alikuja mbio kutoka pembeni, peku, mguu mmoja ukatangulia na mwingine ukafuata, na ufito hautikisiki. Ulipandishwa mpaka ukafika usawa wa paji la uso wake mwenyewe, akauvuka. Nimeona kwa macho yangu, na nimepiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo lilinitia ubaridi hata nikiwa kwenye shangwe. Alipotua, hakutoa kishindo. Mtu mzima mwenye mapaja kama yale, unangoja usikie ardhi ikijibu, na husikii kitu.

Shemeji yangu, mume wa dada, alimpenda mno. Siku moja baada ya michezo alimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka barabarani, na jioni yake akawa anamwonyesha dada yangu bega lililopata michubuko kana kwamba amepata medali yeye. Alikuwa mkulima mpole wa Sironga, Msabato wa kweli, mtu wa migomba na wimbi na ng'ombe wawili. Hata mbwa akimbwekea alimwomba radhi. Dada yangu alimcheka kwa hilo, lakini alimcheka kwa mapenzi.

Basi asubuhi moja ya ukungu mzito, mzee mmoja jirani ya dada yangu alikutwa ndani ya ua wake, amelala kifudifudi, kapigwa rungu kisogoni. Hakufa. Ulimi ndio uliomfia. Tangu siku ile hakutamka neno, wala jina la mke wake, wala kuomba maji. Watu wawili walikuwa wameonekana wakipita njia ile ndani ya ukungu. Mmoja ni shemeji yangu, aliyekuwa akimtafuta ndama aliyepotea, na kila mtu alijua ana mzozo wa mpaka na mzee yule. Wa pili ni mrukaji. Alikuwa ameposa binti wa mzee akakataliwa hadharani, tena kwa matusi. Wote wawili walikamatwa, na kila mmoja akasema si mimi.

Siku ya kesi watu walijaa hadi kwenye nyasi. Shemeji alipoletwa palikuwa kimya. Mrukaji alipoletwa, wanawake walipiga vigelegele. Vigelegele barazani, jamani! Mzee wa kiti cha katikati, aliyekuwa mkuu wa baraza letu, aliinuka kidogo kumpa mkono, halafu akakumbuka anampa mkono mshtakiwa, akajifanya anatengeneza koti. Mrukaji akapewa benchi. Shemeji akaachwa amesimama juani. Na mimi pale mezani sikuona ubaya, nasema kweli. Nilikuwa nafikiria nitawaambia wenzangu Kiogoro kwamba nimekaa karibu naye kiasi cha kumgusa.

Mke wa mzee alitoa ushahidi. Alisema asubuhi ile lango lao lilikuwa limefungwa kwa kamba kwa ndani, na kamba ile ilikutwa vilevile, haijafunguliwa. Ua wao ulikuwa wa michongoma, umefika shingoni kwa mtu mrefu, na haukuwa na tundu la kupitisha hata kuku. Alisikia mumewe akianguka. Halafu alisikia mbio, hatua tatu au nne, kisha kimya. Alitoka, hakukuta mtu. Lango limefungwa, ua mzima.

Baraza zima lilielewa. Huwezi kuniambia kuna mtu hakuelewa. Katika wilaya yote, ni miguu ya nani iliyoweza kutoka ndani ya ua ule bila kuuvunja? Shemeji yangu angeurukia ule wangemkuta asubuhi amening'inia kwenye miiba kama shati. Nikachovya kalamu ili niandike maneno ya yule mama, na mkuu wa baraza akaweka kiganja chake juu ya daftari langu.

"Karani," alisema taratibu, "ua haukushtakiwa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, nikapangusa kalamu.

Ndipo wakamleta mzee mwenyewe. Alikuwa amekalishwa kwenye kigoda, kichwa kimefungwa kitambaa, macho yake yakitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mkuu wa baraza akamwuliza, akiinua sauti kana kwamba masikio nayo yamekufa, nani aliyekupiga? Mzee hakumwonyesha mtu kidole. Aliinua mkono wake wa kuume polepole, kiganja kimelala bapa kuelekea ardhini, akaufikisha usawa wa shingo yake. Hapo akauacha. Hautetemeki, haushuki. Mke wake alijaribu kuushusha, ukarudi palepale. Akaketi hivyo, mkono hewani, akipima kimo cha ua wake, na watu waliokuwa wakicheka wakaanza kutazama chini mmoja baada ya mwingine. Mpaka leo nikiona mtu akionyesha kimo cha mtoto wake kwa kiganja, nageuza uso.

Niliandika hivi: Mlalamikaji hawezi kusema. Ni kweli tupu. Sijawahi kuandika uongo mkubwa kuliko ule.

Kulikuwa na barua ya Bwana Shauri, mzungu wa serikali wilayani, mezani. Nimeisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote, maana ni mimi niliyeitafsiri. Ilisema mrukaji anatakiwa kwenye michezo ya jimbo, na kama atafanya vizuri ataendelea mpaka Nairobi, kwa hiyo baraza lisicheleweshe shauri lake. Basi. Haikusema aachiliwe. Haikusema asiulizwe. Hayo mengine tulijijazia wenyewe, wazee na mimi na wale wanawake wa vigelegele, kwa sababu tulitaka.

Uamuzi ulikuwa wa kimila. Panapokuwa na washtakiwa wawili na hakuna aliyeona, wanaapishwa. Kiapo hicho kwetu kinaitwa emuma. Mtu anavua nguo zote, anauzunguka mti wa omotembe, ule wenye miiba shinani na maua mekundu, anapigilia kigingi kwenye gome na kusema kama ni mimi, emuma initafune mimi na nyumba yangu. Halafu watu wanangoja. Akifa mtu wa nyumba yake kabla ya muda uliowekwa, basi ni yeye. Hakimu ni kaburi, na halikatiwi rufani.

Wote wawili ndio waliopaswa kuapa. Hivyo ndivyo emuma ilivyo, haiendi mguu mmoja. Lakini mkuu wa baraza alisafisha koo akasema mrukaji hataapa kwa sasa, kwa kuwa miguu yake imeazimwa na serikali. Emuma ikimshika mguu njiani, nani atakwenda kumjibu Bwana Shauri? Ataapa huyu mwingine. Akipona mpaka wimbi livunwe, yeye na nyumba yake, basi tutajua si yeye, na wa pili tutamwita.

Shemeji aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Wazee wangu," alisema, "mke wangu ana mimba ya miezi saba."

"Kama hukumpiga mzee, mimba ina hofu gani?" akajibiwa.

Sasa nijibu mimi leo, maana yeye alinyamaza. Hofu yake ni kwamba katika miaka ile watoto walikufa ovyo. Walikufa kwa homa, kwa surua, kwa kuharisha, kwa baridi ya ukungu, katika nyumba za wenye hatia na za wasio na hatia. Walimwekea mtu hukumu kwenye tumbo la mke wake wakaiita haki, na walijua, maana hapakuwa na mzee pale ambaye hajazika mtoto.

Aliapa asubuhi ya Jumatatu. Ukungu ulikuwa chini kiasi kwamba matawi ya omotembe hayakuonekana, ni shina tu na yale maua mekundu yaliyodondoka ardhini. Wanaume peke yao ndio walioruhusiwa. Nilikuwapo na daftari langu. Shemeji alivua shati, akalikunja vizuri, akavua suruali, akaikunja vizuri, kama mtu anayejiandaa kuoga nyumbani kwake. Alipoanza kuuzunguka mti, kila alipopita upande wa pili ukungu ulimficha, na kila mara nilidhani hatatokea tena. Alipopigilia kigingi, utomvu haukutoka. Mzee mmoja nyuma yangu akaguna. Sikumwuliza ana maana gani.

Kanisani walimfuta wiki ile ile kwa kuabudu mti. Yaani huku analazimishwa, huku anafukuzwa. Mrukaji alikuwa ameshapanda lori kwenda kwenye michezo.

Mtoto alizaliwa mzima. Wa kiume, mnene, mwenye makunyanzi shingoni. Mngedhani watu wangefurahi. Walikuja kumtazama, ndiyo, walikuja wengi kuliko kawaida, lakini hawakumtazama kama watu wanavyotazama mtoto. Walimtazama kama unavyotazama ugali kuona kama umeiva. Wanawake ambao dada yangu hakuwajua walisimama njiani wakamfunua mtoto shuka, wakamhesabia pumzi, wakamfunika, wakaenda zao. Shemeji hakuthubutu kumbeba mbele za watu, asije akajikwaa. Mama yake shemeji, aliyeishi nao, alizima kila kikohozi cha nyumba ile kwa mkono wake. Nyumba nzima iliishi kwa kunyata.

Habari za mrukaji zilikuwa zinafika. Ameshinda jimboni. Ameshinda Nairobi. Amepewa kikombe na blanketi. Barazani mkuu wetu alinisomesha habari hizo kwa sauti, mara mbili. Mzee aliyepigwa alikuwa bado ameketi kwenye ua wake, na waliopita walisema jioni nyingine mkono wake ulikuwa hewani.

Wimbi lilikuwa limeanza kupiga rangi ya kahawia, zimebaki siku kumi na mbili muda wa kiapo uishe, nilipofika Sironga Jumapili moja nikakuta mlango umefungwa mchana. Dada alinifungulia kidogo. Mtoto alikuwa na homa. Nilimgusa, nikatoa mkono haraka. Macho yalikuwa yamepanda juu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa! Na zahanati iko pale!"

Ilikuwa mwendo wa saa moja, na mganga wake nilimfahamu kwa sura. Mama mkwe wa dada akanishika mkono. "Mwanangu," alisema, "akipita na mtoto mgonjwa mgongoni, kabla hajafika zahanati baraza lote litajua emuma inauma. Atakapopona, hawatasema amepona. Watasema ilianza. Homa za watoto hupita. Siku kumi na mbili tu."

Dada alinitazama mimi. Hakumtazama mumewe, alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. "Mwana wa mama," akasema, "wewe unasemaje?"

Nikasema, "Tungoje mpaka kesho."

Alikufa alfajiri. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo jambo ambalo siwezi kulieleza kwa mtu asiyekuwapo: watu wanne ndani ya nyumba moja ndogo, mtoto amekufa, na kila mmoja ameuma nguo yake. Dada aliuma khanga mpaka ikatoboka. Tulimzika humo ndani, chini ya sakafu, upande wa ukutani, na kulipopambazuka mama mkwe alikuwa ameshasiriba kwa samadi na maji, pamekuwa laini. Nikaondoka kwenda kazini. Nilichelewa, nikaomba radhi.

Alichofanya dada yangu siku zile kumi na moja sikukipanga mimi wala hakumwuliza mtu. Alichukua nyuzi kavu za mgomba, akazisokota pamoja na matambara mpaka zikawa na unene wa mtoto. Kichwa kilikuwa kibuyu kidogo, akakivika kofia ya sufu. Akakifunga mgongoni kwa khanga ileile. Akaenda kisimani.

Akaenda na sokoni. Alitembea huku akikipigapiga makalio na kukiimbia, na watu wakamsalimia, wakauliza mtoto hajambo, akasema hajambo, amelala. Walipotaka kufunua alisema usimwamshe, usiku hakulala. Na maziwa yake, Mungu wangu, maziwa yalikuwa hayajui kitu. Yalimjia saa zilezile, yakalowesha gauni mbele, watu wakayaona wakaridhika. Kisha alikwenda nyuma ya migomba kuyakamulia ardhini.

Siku ya tano jirani mmoja aliniambia, mimi sijauliza, kwamba mtoto wa dada ana sauti kali, jana alimsikia akilia kutoka ng'ambo ya bonde. Nikasema ndiyo, ana sauti. Mwingine akasema amemwona akicheka. Nilianza kuogopa, nikawa naponyoka kazini kwenda kumtazama dada. Siku ya nane nilikutana na dada kwenye njia ya Sironga, tukatembea pamoja, mimi nyuma na yeye mbele, ile kofia ya sufu ikiyumba mbele ya uso wangu. Na nikasikia mtoto akipumua. Nasema nilisikia. Pumzi ile ya pua iliyoziba kidogo, inapanda na kushuka. Nilisimama, pumzi ikaendelea kwenda na dada. Aligeuka akaniuliza mbona nimebaki. Nikaharakisha nikamfuata.

Siku ya tisa mrukaji alikuja. Alikuja peke yake, mchana, na blanketi la zawadi begani. Alisimama uwanjani kwa dada, mrefu, akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Dada alikuwa anapepeta wimbi la akiba, mzigo mgongoni. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni.

"Nimekuja kumwona mtoto," alisema.

"Amelala."

"Nilitaka kumpa hili." Akasogea. Akainama juu ya mgongo wa dada yangu kama anayetaka kumfunika mtoto, na nilimwona akiona. Kofia ilikuwa imepanda kidogo. Alibaki ameinama vile muda mrefu, blanketi limening'inia mikononi. Dada hakuacha kupepeta. Kisha mrukaji alilitandaza blanketi polepole juu ya kile kibuyu, akalichomeka pembeni kwa uangalifu mkubwa, akaondoka. Sikumsikia akiondoka. Nilipotazama njiani, hayupo.

Siku ya baraza ilifika. Wimbi lilikuwa limevunwa. Shemeji alisimamishwa mbele na nyumba yake yote, yaani mama yake, mkewe na kile alichobeba mkewe. Mkuu wa baraza akasema watu wa nyumba wanaonekana wazima, mfunueni mtoto tumwone. Shemeji akafumba macho. Nilichovya kalamu, wino ukadondokea jina lake.

Mrukaji alikuwa amekaa mbele, mahali pa wageni. Akasimama. "Wazee," alisema, "mtoto nimemwona mimi. Juzi nilikwenda nikampa blanketi, ni hili hapa. Ni mzima. Upepo huu utampa mafua bure."

Basi. Mkono uliokuwa umeshaanza kwenda kwenye khanga ukarudi. Nani angemfunua mtoto ambaye mrukaji amesema ni mzima? Watu wakapiga makofi. Shemeji yangu alikuwa ameapa uchi kwenye baridi, miezi mitano damu yake imekuwa rehani, na neno lake halikuwa limetosha kununua chumvi. Huyu alisema sentensi nne akiwa amevaa koti, na emuma ikafungwa.

Kijana mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ndogo lakini ilisikika, sasa kama huyu si yeye, yule wa pili ataapa lini? Mkuu wa baraza alitazama mbali. Akasema amelifikiria jambo hili sana, na anaona kuwa asubuhi ile kulikuwa na utelezi. Mzee alianguka mwenyewe. Nikaandika. Mlalamikaji alianguka mwenyewe.

Siku ya pili yake dada yangu aliruhusiwa kulia. Alitoka nje akapiga yowe la siku kumi na mbili, na Sironga nzima ikakimbia kuja. Walishangaa kwa dhati. Jana tu alikuwa mzima! Mama mkwe alisema ni surua, imemharibu uso, asifunuliwe, na alikuwa ameshashona shuka pande zote. Wanaume walichimba kaburi nje kando ya migomba. Wanawake wa kanisa walikuja kuimba, ijapokuwa shemeji alikuwa bado amefutwa. Mrukaji alikuja, akaomba kumbeba mtoto mpaka kaburini. Wakampa kwa heshima. Nyuzi za mgomba hazina uzito, jamani. Alizipokea kwa mikono miwili iliyojiandaa kwa mtoto, na mikono ikapanda juu yenyewe. Alizibeba akitetemeka mwili mzima, na watu wakasema mwone, ana huruma kama mama.

Baadaye watu waliingia ndani kula. Mrukaji, mgeni mkubwa, alipewa kigoda cha ukutani, juu ya pale paliposiribwa. Dada yangu alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele kama wafiwa wanavyokaa. Mama mkwe akamnong'oneza, lakini sote tulisikia, kwamba amshukuru mgeni, amewafaa jana na leo.

Dada aliinua uso. Hakumshukuru. Alimwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia: "Ni wewe uliyempiga mzee?"

Nilimtazama mrukaji. Hakukasirika wala hakushangaa. Aliweka chini bakuli lake. Naapa alikuwa anataka kujibu. Alikuwa na sura ya mtu aliyebeba gunia tangu mbali na sasa ameonyeshwa pa kulitua. Miezi yote ile, barazani, jimboni, Nairobi, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwuliza. Alifungua kinywa, akavuta pumzi.

"Uchungu umemchanganya maskini," mwanamke mmoja alisema upesi, na mwingine karibu na mlango akaanzisha wimbo. Wakaudaka wote kwa pamoja, kwa nguvu, wa ndani na wa nje, huku wawili wakimwinua dada kwa makwapa na kumtoa. Midomo ya mrukaji ilikuwa inakwenda. Alikuwa anasema kitu, anakisema akitazama mlangoni alikotolewa dada, na hakuna neno lililosikika. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote, magoti yetu yakigusana, na nilikuwa naimba.